Nilimwambia Kocha Mtani Wangu Ni Mzima

Mabinti zangu, mkitoka mazoezini jioni mnakuja kukaa kwenye benchi la duka langu hapa Kashaulili, Mpanda mjini, soda moja watu watatu, kisha mnaanza. Dada Feli, glavu gani nzuri? Dada Feli, kwenye penalti unaruka mapema au unasubiri? Ninawajibu nusunusu kwa sababu kuna mteja anataka chumvi na mwingine anagombana na mizani yangu. Sasa nimeamua kuandika. Maswali yenu nitayajibu, msihofu. Ila lipo jambo ambalo hamjaniuliza hata siku moja, na ndilo lililonishikisha kalamu. Mtani wangu Kalunde, kipa mwenzangu, amekufa, na mkono wangu umo katika kifo chake. Nimekwisha kulisema hilo kwa mdomo mbele za watu, na watu walicheka. Ninaliandika nione kama ninyi nanyi mtacheka.

Tuanze na glavu basi. Glavu nzuri ni ile inayokutosha. Msinunue kubwa mkidhani itaziba goli. Mimi nilifanya ujinga huo, nikacheza karibu msimu mzima vidole vinaogelea ndani, mpaka siku ya mvua shuti moja likanivua glavu ya kushoto likaingia nayo wavuni. Refa alikubali bao, kisha akaniletea glavu yangu kwa heshima zote, ameishika kwa mikono miwili. Kabla ya mechi zilowesheni kidogo kwa maji. Mkizifua, zianikeni kivulini, maana jua la Mpanda la mwezi wa tisa halina huruma na kitu chochote cha mpira.

Kwenye penalti msimtazame mpigaji machoni. Macho ni maongo. Tazameni mguu anaosimamia, ule usiopiga, muone vidole vyake vinaelekea wapi. Hata hivyo mtafungwa penalti nyingi kuliko mtakazodaka, na sitaki kuwadanganya kuhusu kazi hii. Mshambuliaji akikosa mara tisa akafunga ya kumi, anabebwa juu juu. Wewe ukidaka tisa ikakupita ya kumi, utasikia jina la mama yako likitajwa na watu wasiomjua. Mimi nimefanya kazi hii miaka kumi na minne, katika timu nne, na mpaka leo nikipita stendi kuna kijana wa bodaboda ananikumbusha bao la kona.

Kudaka si kitu cha kwanza. Cha kwanza ni kuanguka. Mimi nilifundishwa kuanguka na Mwalimu Pesambili, mwalimu wetu wa hesabu pale Usevya, mtu mfupi mwenye hasira za karibu. Hatukuwa na nyasi. Kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na nyuma yake lundo la pumba refu kuliko yeye. Alinisimamisha pale pembeni, akanirushia mpira upande wa lundo, nikaruka. Pumba zikaingia masikioni, kwenye nywele na ndani ya sketi, nikajikuna wiki nzima. "Ardhi isalimie kwa paja," alisema, "halafu nyonga, halafu bega. Ukiisalimia kwa kiwiko itakujibu vibaya." Baadaye nililetewa makocha wa makipa wenye vitabu na kompyuta, mmoja katoka nje kabisa ya nchi, na wote walinifundisha kilekile alichonifundisha mwalimu wa hesabu, ila kwa maneno marefu zaidi.

Mwalimu Pesambili ndiye pia aliyenifundisha kupiga kelele. Kipa asiyesema ni nguzo ya tatu, alikuwa akisema, na nguzo mbili zilizopo zinatosha. Krosi ikija, sema mapema na sema neno moja. "Yangu!" Basi. Mimi ilinichukua muda, maana nyumbani msichana wa kupayuka alikuwa anachapwa, na baba yangu alipokuja kunitazama mara ya kwanza alirudi nyumbani akamwambia mama nimeharibika, nawafokea watu walionizidi umri.

Kalunde hakuhitaji kufundishwa kelele. Alizaliwa nazo.

Mimi ni Mfipa. Baba alihamia Usevya kulima mpunga kabla sijazaliwa. Kalunde alikuwa Mnyamwezi, kwao Mamba, si mbali na kwetu, lakini hatukujuana mpaka tulipokutana Mpanda mjini kwenye timu. Mnajua wenyewe kwamba sisi na wao ni watani tangu enzi za mababu: sisi tunawaita wapagazi wa misafara, wao wanatuita watuma radi. Mtani hakasirikiwi, mtani hashtakiwi, na siku ya msiba mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha watu wanaolia. Siku aliyofika kambini alikuwa amejitwika godoro kichwani. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Jamani, mpagazi amefika. Mama, tua mzigo, msafara unalala hapa." Hakugeuka hata kidogo. Akatazama juu angani, akasema, "Kumbe hapa kuna Mfipa. Ndo maana tangu nishuke kwenye basi naona mawingu. Dada, radi yako iweke kabatini, mi mgeni."

Kuanzia siku hiyo nyama yangu haikuwa yangu. Alikuwa anaichota kwenye sahani yangu huku ananitazama usoni. "Haki ya mtani," anasema, anatafuna. Mimi nami nilikuwa nikificha viatu vyake nikadai nimevipeleka Sumbawanga vikafanyiwe dawa. Kabla ya kila mechi alikuwa akigonga nguzo za goli moja moja na kuziamkia, "Shikamoo," kisha anaupungia mkono mwamba wa juu. Mashabiki walidhani ni uchawi na mimi niliwaambia ndiyo.

Makipa wanafanya mazoezi peke yao, pembeni, wawili kwa wawili. Wengine wakicheza mpira, ninyi mko kwenye kona mnarushiana na kuangushana. Kwa hiyo Kalunde namjua kuliko ninavyowajua ndugu zangu. Alikuwa namba mbili wangu kwa misimu miwili. Mikono yake ilikuwa mirefu, na alikuwa na kitu ambacho hakifundishiki, alikuwa anaujua mpira kabla haujapigwa. Mwisho wa msimu wa pili alikuwa ameshanizidi. Nilijua, yeye alijua, na kocha alikuwa ameanza kujua. Hatukulizungumza, kwa sababu sisi mazungumzo yetu yote yalikuwa utani.

Alhamisi moja nilivunjika kidole mazoezini. Hiki cha pete, mnachokionaga kimepinda nikifunga sukari. Jumamosi tulikuwa na mechi ya mwisho ya msimu, hapahapa nyumbani, na tulihitaji sare tu tusishuke daraja. Kocha akampanga Kalunde. Mimi nikafungwa vidole viwili pamoja kwa plasta nikakaa benchi, maana hatukuwa na kipa wa tatu.

Mabinti, siku hiyo alidaka. Sijui niseme nini zaidi. Kulikuwa na watu wamepanda juu ya malori kutazama, na kila akigusa mpira walikuwa wanapiga honi. Tulipata bao mapema. Halafu, kabla ya mapumziko, mshambuliaji wao akapita katikati, Kalunde akatoka akamlalia miguuni, mikono mbele kama inavyotakiwa, mpira kifuani. Goti la yule msichana likampata juu ya sikio. Halikuwa kosa la mtu. Nililisikia nikiwa benchi.

Alilala kidogo, akaamka. Mtu wetu wa huduma ya kwanza akakimbia na ndoo na ile dawa ya kupuliza. Wakati ule maji ya baridi yalikuwa dawa ya kila kitu, kuanzia kifundo cha mguu mpaka kichwa. Akamwagiwa, watu wakapiga makofi, mchezo ukaendelea. Niliona anagonga nguzo akiwa ameipa mgongo, kama anayetafuta ilipo.

Mapumziko akaja akakaa karibu yangu kwenye mkeka. Akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho.

"We Mfipa," akasema, "hatimaye umenitumia radi yako. Naona mipira miwili. Nakufa mwenzio."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimjibu kama ninavyomjibu siku zote. "Kufa upesi basi nirithi glavu. Ila usifie hapa, nani atabeba maiti ya Mnyamwezi wakati wabebaji ni nyie wenyewe?"

Chumba kizima kikacheka. Na yeye alicheka, upande mmoja wa mdomo. Kisha akainuka akaenda nyuma ya mlango akatapika. Nikasema, "Ameila nyama yangu ya jana, inarudi kwa mwenyewe." Wakacheka tena.

Kocha hakucheka. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, akaongea taratibu. "Feli, we ndo kipa, we ndo unayemjua. Anaweza kuendelea, au nikuingize wewe?"

Nikasema, "Mzima huyo, kocha. Mnyamwezi hafi kwa goti, anakufa kwa njaa."

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini nilisema vile, na majibu ninayo mengi kuliko ninavyotaka. Niliogopa kuingia na kidole kile. Nilifikiri nitakuwa ninamnyang'anya siku yake, siku ambayo watu walikuwa wakipiga honi kwa ajili yake, na angeniona nina wivu. Na wivu wenyewe ulikuwepo; sehemu fulani ya moyo wangu ilitaka afungwe hata bao moja. Yote matatu ni kweli. Lakini kubwa kuliko yote ni kwamba tulikuwa hatuna lugha nyingine. Kalunde alikuwa na jambo zito la kuniambia, akaliambia kwa utani kwa sababu ndiyo njia pekee tuliyokuwa nayo, na mimi nikalipokea kwa mlango huohuo. Nilisikia utani. Tena nilichagua kusikia utani, kwa sababu ulinifaa.

Kipindi cha pili kilipoanza ikaja krosi, ya kawaida tu, ya kudaka huku unapiga mluzi. Alitoka akiwa amechelewa, na hakupiga kelele. Kalunde, aliyekuwa akiziamkia nguzo, hakusema neno. Beki wetu naye hakujua kama kipa anakuja, akaruka, vichwa vikagongana. Beki akaanguka akiwa ameshika uso. Kalunde alianguka mikono ikiwa chini, bila kujikinga, kifudifudi. Hakuna kipa anayeanguka hivyo akiwa na akili zake. Mpira ukaingia, tukawa sare, bao moja kwa moja.

Wakamtoa kwa machela, nikavaa glavu nikaingia. Mipira iliyobaki nilidaka yote. Mmoja niliutoa kwa mkono huuhuu wenye kidole kilichovunjika, dakika za mwisho kabisa, na hapo ndipo kilipopinda moja kwa moja. Tulipata sare yetu, tukabaki ligi kuu. Walinibeba mabegani kutoka uwanjani mpaka barabarani, wanaimba jina langu, na Kalunde alikuwa hospitali hajafumbua macho.

Hakucheza tena. Alifumbua macho siku ya nne, akarudishwa Mamba kwa mama yake. Mwangaza ulikuwa unamuumiza, kelele zilikuwa zinamuumiza, na baadaye kikaja kifafa. Mimi nilipata mkataba na timu kubwa zaidi, mbali na huku. Sare ile ilinipa jina. Nilikwenda kumwona mara chache, chache mno, na kila mara nilijipa sababu ya kuondoka mapema. Mara ya mwisho nilimkuta amekaa ndani, dirisha limezibwa kwa kanga. Nikajikaza nikamwambia kama zamani, "Mnyamwezi, bado hujafa tu?" Akanitazama. Kisha akamgeukia mama yake akauliza, "Mama, huyu nani ananitukana?"

Katika timu yangu ya mwisho walituletea daktari atufundishe habari za kichwa. Alisimama mbele na picha zake, akasema mchezaji aliyeumia kichwa anaweza kuona viwili, anaweza kutapika, anaweza kuongea au kucheka isivyo kawaida, na kipigo cha pili kabla cha kwanza hakijapona ndicho kinachoua. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma. Alikuwa anamweleza Kalunde bila kumjua. Nikatoka nje nikajifanya nimepigiwa simu.

Kwa hiyo hili ndilo la kushika, na glavu zote mnaweza kuzisahau. Mwenzio akigongwa kichwa, usimuulize, "Uko poa?" Kila mchezaji yuko poa. Muulize wiki iliyopita mlicheza na nani. Muulize bao lenu kafunga nani. Mwambie ataje miezi kurudi nyuma. Akisitasita, akisema naona viwili, hata akilisema huku anacheka, hata akiwa mtani wako, mtoe. Mvueni glavu kwa nguvu. Acha akununie mwaka mzima. Siku hizi kocha ana ruhusa ya kumbadilisha aliyeumia kichwa, wakati wetu tulikuwa na ndoo. Lakini ninawatazama ninyi mkifanya mazoezi, na juzi nimemwona mmoja wenu amegongwa, ameamka anapepesuka, na wenzake wote mmeanza kumchekea mkimwita mlevi. Nilitoka dukani nikapiga kelele. Mlidhani nimechanganyikiwa.

Kalunde alikufa masika haya yaliyopita, wakati barabara ya Mamba ilikuwa tope tupu. Kifafa kilimkuta peke yake bafuni. Nilifika siku ya maziko nimetapakaa matope mpaka magotini. Sikukaribia mbele. Nilikaa na akina mama nyuma, nimejifunika kanga, nikiomba Mungu nisionekane.

Shangazi yake akaniona. "Mtani si yule pale? Mtani, we umekuja kukaa tu? Mtu wako anazikwa kimyakimya hivi?"

Nikasema siwezi.

"Unaweza nini basi? Nani atafanya? Njoo hapa." Wakanisukuma mpaka kando ya kaburi. Mnajua kazi ya mtani pale. Anazuia maziko mpaka apewe chochote, anamwiga marehemu, anamdai. Watu wote wakanitazama, na nyuso zao zilikuwa zinangoja kucheka. Walikuwa wamelia siku mbili, walikuwa na haki ya kucheka. Mama yake alikuwa ameketi chini, ameshikiliwa na wanawake wawili.

Nikaona ndiyo nafasi. Kwa miaka yote ile nilikuwa sijamwambia mtu. Nikasema, "Huyu nimemuua mimi."

Kikatoka kicheko cha kwanza, upande wa wanaume.

"Nasema kweli. Aliniambia anaona viwili, aliniambia anakufa. Kocha akaniuliza, nikamwambia mzima. Nilikuwa namwonea wivu. Nimemuua mimi Mfipa."

Hapo wakaangua kicheko kabisa. Mjomba wake mmoja akapiga makofi, akapaza sauti, "Si tulisema ni radi ya Wafipa! Leo kakiri mwenyewe!" Wengine wakawa wanapanguza machozi kwa kucheka. Nikasema tena, mara ya tatu, nikiwa ninalia, na wakasema kweli huyu mtani anaijua kazi yake, angalia mpaka machozi anayatoa.

Nikamtazama mama yake. Nilisema moyoni, yeye ataelewa, mama anajua. Alikuwa anacheka. Alikuwa amewaegemea wale wanawake, mabega yanatikisika, mdomo wazi, na mmoja wao akaniambia baadaye kwamba tangu msiba uanze alikuwa hajala wala hajatoa sauti. Nikashindwa kuendelea. Wakaniletea kuku, haki ya mtani, nikampokea, na wakazika.

Kutoka Mamba mpaka hapa basi linapita kila siku, nami nimepanga safari mara nyingi ya kwenda kumkalisha chini yule mama, sisi wawili tu, nimweleze taratibu kwa maneno yasiyo ya utani. Sijaenda. Baada ya mavuno alimkabidhi kondakta kiroba cha mchele aniletee, kisha akapiga simu kuuliza kama kimefika salama.

"Kimefika, mama."

"Ule, mtani wangu. Maana mimi nikizidiwa na mawazo, nakumbuka ulivyosema pale kaburini kwamba umemuua mwanangu. Nacheka, napata nafuu."

"Asante, mama," nikamwambia.